Kompyuta ya nyumbani imezeeka: niitengeneze au ninunue nyingine?

Mwalimu Mstaafu, Tanga

Ndugu wanajamvi, poleni na majukumu.

Nina kompyuta ya mezani aina ya Dell OptiPlex 780 ambayo niliinunua mwaka 2013 ikiwa imekwisha kutumika Ulaya, na tangu hapo imenihudumia vizuri hadi miaka hii miwili ya karibuni. Ina prosesa ya Core 2 Duo, RAM (kumbukumbu ya muda) ya GB 2, diski ya GB 160 na Windows 7, na kioo chake kina tundu la VGA pekee. Kazi ninazoifanyia si nzito. Nachapa mitihani ya Kiswahili kwa ajili ya shule mbili za jirani, natunza hesabu za kikundi chetu cha kuweka na kukopa, na watu wa mtaani hunijia niwatengenezee kadi za harusi, kazi ambayo naifanya kwa programu ya Microsoft Publisher ya mwaka 2007. Humo ndani mna pia picha za familia tangu mwaka 2006, pamoja na video nzima ya harusi ya binti yangu.

Sasa imechoka. Nikiiwasha asubuhi ninaweza kubandika chai, ikachemka, nikaiepua na kumaliza kikombe kabla haijawa tayari kufungua faili la kwanza. Kila umeme ukikatika tarehe yake hurudi nyuma miaka mingi, na ikisharudi nyuma karibu kila tovuti hunionya kwamba si salama na hukataa kufunguka. Kivinjari nacho hakikubali tena kusasishwa. Fundi mmoja wa hapa mjini ameniambia kwamba anaweza kuniwekea Windows 11 siku hiyo hiyo kwa njia anazozijua yeye, na mwingine ameniambia niitupe.

Naomba mnisaidie mambo matatu. Kwanza, je, inafaa kutengenezwa, au niache kuitilia fedha? Pili, nikinunua nyingine, vitu vyangu vyote vitahamia huko, yaani mafaili pamoja na programu zenyewe? Tatu, mimi nina umri wa miaka 67 na mikono yangu imezoea mahali pa kila kitu katika hii niliyonayo. Walionitangulia kuhama walichukua muda gani kuzoea, na ni kitu gani kiliwasumbua zaidi?

Fundi wa Kariakoo

Shikamoo Mwalimu. Mashine za aina yako zimepita mikononi mwangu nyingi, kwa hiyo naomba kwanza nitenganishe maradhi yake, kwa sababu mengine yanatibika kwa fedha kidogo sana na mengine hayana dawa.

Hilo la tarehe ni dogo kuliko yote. Kwenye mazabodi, yaani ubao mkuu wa ndani ya kompyuta, kuna betri ya duara, inayofanana na sarafu, iliyoandikwa CR2032. Kazi yake ni kutunza saa wakati ambapo umeme haupo, na yako imekufa. Kila tovuti salama ina cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, na kompyuta inayoamini kwamba leo ni mwaka 2009 hukiona cheti kilichotolewa mwaka huu kama kitu ambacho bado hakijazaliwa, ikakikataa. Badilisha betri, sahihisha tarehe, na tovuti nyingi zitafunguka. Nalisema hili mapema kwa sababu wapo watu waliouza kompyuta zao kwa bei ya chuma chakavu kwa ajili ya betri hiyo tu.

Uvivu wa kuwaka unatokana na vitu viwili, yaani diski ya kuzunguka iliyochoka na RAM ya GB 2 ambayo haitoshelezi kivinjari cha siku hizi hata ukifungua ukurasa mmoja. Hapo tungeweza kuweka diski ya SSD, ile ya kasi isiyozunguka, na kuongeza RAM, na ungeona tofauti kubwa sana.

Sasa tuje kwenye yasiyo na dawa. Windows 7 iliacha kupewa masasisho ya usalama tarehe 14 Januari 2020. Chrome ya mwisho kuikubali ni toleo la 109, la mwanzoni mwa mwaka 2023, na ndiyo maana kivinjari chako kimegoma. Windows 10, ambayo zamani tungekimbilia huko, nayo muda wake wa kawaida ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Inabaki Windows 11, ambayo inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, RAM isiyopungua GB 4, diski isiyopungua GB 64, na kwa upande wa Intel prosesa ya kizazi cha 8 kwenda mbele, isipokuwa chache sana. Yako iko mbali mno na hapo.

Kuhusu huyo mwenye njia zake, njia za kuruka masharti zipo kweli na sisi mafundi tunazijua. Lakini tangu toleo la 24H2 lililotoka mwaka 2024, Windows 11 inahitaji amri za ndani ya prosesa ambazo Core 2 Duo haikuumbwa nazo, na hapo hakuna ujanja: haiwaki kabisa. Atakachokuwekea ni toleo la nyuma lisilopata tena masasisho, na utakuwa umelipa ili urudi ulipo. Ushauri wangu ni kwamba usiitilie fedha mashine hiyo kwa matumaini ya kuifanya ndiyo kompyuta yako kuu. Nunua nyingine.

Ukienda dukani, usikubali neno "hii ni Core i5" peke yake, kwa sababu kuna Core i5 ya mwaka 2011 na kuna ya mwaka 2018, na kibandiko cha nje hakimwambii mnunuzi tofauti. Soma namba inayofuata baada ya kistari. Ikiwa ni i5-7500, hiyo ni ya kizazi cha 7 na iache. Ikiwa ni i5-8500, hiyo ni ya kizazi cha 8. Makasha nayo yanadanganya. OptiPlex 3050 na 3060 mtu anaweza kuzidhania pacha, lakini ya kwanza haikubaliki na ya pili inakubalika. HP EliteDesk 800 G3 na G4 ni hivyo hivyo. Tafuta yenye RAM ya GB 8 na SSD ya GB 256, inakutosha kwa kazi ulizozitaja na inabaki nafasi.

Kabla ya kutoa fedha iombe iwashwe mbele yako. Bonyeza kwa pamoja kitufe chenye alama ya dirisha na herufi R, andika tpm.msc, uone kama inasema TPM ipo na ni ya toleo la 2.0. Ingia kwenye mipangilio uhakikishe kwamba Windows yake imeidhinishwa. Mashine za maofisini za miaka hiyo huja na leseni iliyomo ndani ya mazabodi, kwa hiyo muuzaji akikuambia kwamba ni lazima azime kinga ya virusi ili aweke programu ya kuifungua, ondoka. Chomeka flashi katika kila tundu la USB, moja baada ya jingine. Kisha iache iwake kwa nusu saa huku ukisikiliza feni. Wauzaji wengine hukasirika ukifanya hivyo, waache wakasirike.

Kijana wa Dodoma

Shikamoo Mwalimu. Naheshimu maneno ya fundi, lakini asiizike mashine ikiwa hai. Core 2 Duo inaendesha mifumo ya biti 64, kwa hiyo Linux Mint, mfumo unaokaa mahali pa Windows, inaingia, nayo ni ya bure na inapata masasisho ya usalama kama kawaida. Kiwango chake cha chini ni RAM ya GB 2 na kinachopendekezwa ni GB 4. Ukiongeza RAM na kuweka SSD ndogo utachapa mitihani kwa LibreOffice, programu za bure za kuchapia na hesabu, bila kununua chochote kingine. Unaweza pia kuijaribu kutoka kwenye flashi kabla ya kugusa diski yako, ukiona hupendi unazima na kila kitu kinabaki kama kilivyokuwa.

Fundi wa Kariakoo

Mdogo wangu wa Dodoma hajakosea, na kwa mtu wa umri wake ningemwambia vivyo hivyo. Ila Mwalimu ana kadi za Publisher, ana wateja wanaomletea mafaili ya Word, na anauliza jinsi ya kuzoea kitu kipya. Kumhamisha mashine ni safari moja. Kumhamisha mashine pamoja na mfumo mzima ni safari mbili kwa siku moja. Linux ningeiweka kwenye hiyo ya zamani baada ya kazi zote kuhamia salama.

Mhasibu, Mombasa

Mwalimu, salamu kutoka huku Mombasa. Mimi si fundi, natunza vitabu vya hesabu vya wafanyabiashara wadogo, na nilihama mwaka uliopita kutoka kwenye mashine iliyokuwa na umri kama wa yako kwenda kwenye mojawapo ya hizi tunazoziita eksi-UK, yaani mitumba ya kutoka Uingereza. Nitajibu swali lako la pili kwa sababu ndilo lililoniumiza.

Mafaili yanahama, programu hazihami. Programu inasakinishwa upya kutoka kwenye chanzo chake, na kama chanzo hicho kilikuwa sidii iliyopotea, basi hiyo programu huna tena, hata ukinakili folda yake yote. Microsoft Office yako ya mwaka 2007, yenye Word na Publisher, iliacha kupewa msaada tarehe 10 Oktoba 2017, kwa hiyo nakushauri usihangaike kuitafutia njia ya kuhama nayo. Publisher ina tatizo zaidi, kwani Microsoft wametangaza kwamba wataiacha kabisa Oktoba 2026, hata kwa wanaolipia Office yao kwa mwaka. Draw iliyomo ndani ya LibreOffice huyafungua mafaili ya Publisher, lakini maandishi huhama mahali pake na mapambo huachana. Kwa hiyo kabla hujaizima ile ya zamani, fungua kila kadi unayoipenda na uihifadhi kama PDF. Publisher ya 2007 huenda ikakudai nyongeza ndogo ya kuhifadhi PDF. Ikikushinda, sakinisha printa ya PDF ya bure na uchape kwayo. Utakuwa umeokoa sura ya kadi, na siku ukiijenga upya kwa programu nyingine utakuwa na kielelezo mbele yako.

Kosa langu mimi lilikuwa kudhani kwamba kila kitu kimo ndani ya folda ya nyaraka. Nilinakili folda hiyo, nikaridhika, nikampa kijana wa jirani ile mashine aifute. Baada ya wiki mbili mteja akaniuliza taarifa zake za mwaka wa nyuma, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba nilikuwa nimeziweka kwenye folda niliyoifungua mwenyewe moja kwa moja kwenye diski ya C, nje ya jina langu. Hazikurudi. Nilikaa na mafungu ya risiti siku tisa nikiandika upya. Basi wewe, nakili folda yote yenye jina lako iliyomo ndani ya Users, kisha fungua diski ya C na utazame kila folda usiyoifahamu, kisha fungua D kama ipo. Usisahau yaliyorundikana kwenye uso wa kompyuta. Wengi wetu pale ndipo kabatini.

Utakutana na vikwazo viwili vidogo. Ile video ya harusi, kama inazidi GB 4, flashi itaikataa na utaambiwa faili ni kubwa mno, hata kama flashi ni tupu, kwa sababu flashi nyingi hupangwa kwa mtindo wa FAT32 usiobeba faili kubwa kuliko hapo. Ipange upya kwa mtindo wa exFAT, ukijua kwamba kuipanga hufuta kilichomo. Na kama ile ya zamani ina virusi vya shotikati, vile vinavyoficha mafaili yako na kukuonyesha vivuli vyake, usivibebe hadi kwenye mpya. Mafaili huwa yapo, yamefichwa tu. Usibofye hata kimoja kati ya vivuli hivyo. Safisha kwanza, kisha fungua dirisha la amri na uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukiweka herufi ya flashi yako badala ya E, na utayaona yakirudi.

Fanya nakala mbili, moja ikae kwako na nyingine kwa ndugu anayeishi nyumba nyingine. Ile ya zamani usiifute kwa miezi mitatu.

Jambo la mwisho ni la ufunguo. Windows 11 ya siku hizi, ukiingia kwa akaunti ya Microsoft, inaweza kuifunga diski kwa ufunguo bila kukuuliza. Ni kinga nzuri dhidi ya wezi, lakini siku mazabodi ikibadilishwa au mipangilio ya ndani ikiguswa, mashine itakudai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo hutunzwa kwenye akaunti yako. Uchapishe kwenye karatasi siku ya kwanza na uuweke pamoja na hati ya nyumba.

Mwalimu Mstaafu, Tanga

Marahaba wanangu, nimesoma yote mara mbili na kuyanakili kwenye daftari. Swali moja dogo kabla sijasafiri kuja Dar: kwa nini nisinunue kompyuta mpakato, maana huku umeme hukatika, na hiyo ina betri yake?

Fundi wa Kariakoo

Ni hoja nzuri, na kwa mtu anayehamahama ningesema ndiyo. Lakini mpakato ya mtumba mara nyingi huja na betri iliyokwisha nguvu, kibodi yake ikifa ni gharama, na macho ya mtu anayechapa mitihani kwa saa nne yanahitaji kioo kikubwa. Nunua ya mezani pamoja na UPS ndogo, yaani kifaa chenye betri ya akiba, ya kukupa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Kioo chako kinaweza kuendelea. Utahitaji kigeuzi cha DisplayPort kwenda VGA, kwa sababu nyingi za kizazi hicho hazina tundu la VGA. Usinunue cha HDMI kabla hujatazama nyuma ya mashine ina tundu gani.

Mwalimu Mstaafu, Tanga

Narudi baada ya wiki tano kutoa taarifa, kwa sababu mtu akishauriwa si vizuri akanyamaza.

Nilinunua HP EliteDesk 800 G4 yenye i5-8500, RAM ya GB 8 na SSD ya GB 256. Katika duka la kwanza niliwekewa mezani G3, nikaambiwa kwamba hiyo na G4 ni kitu kile kile ila jina. Nikaomba iwashwe, nikasoma i5-7500, nikaaga. Muuzaji aliniuliza kama mimi ni fundi. Nilimjibu kwamba mimi ni mwalimu wa Kiswahili na nimezoea kusoma hadi mwisho wa sentensi.

Inawaka kabla sijavuta kiti vizuri, na hilo sina la kuongeza. Mafaili yote yamehamia, na kadi 64 nimezihifadhi kama PDF. Nilikuta pia folda moja kwenye diski ya C ambayo sikuikumbuka kabisa, ndani yake mna barua nilizomchapia marehemu kaka yangu mwaka 2014. Mhasibu, Mungu akubariki.

Kuzoea ndiko kugumu, na ugumu wenyewe haupo nilipoutarajia. Nilidhani nitapotea kwa sababu ya vitufe kuhamia katikati ya mwambaa wa chini. Mjukuu alivirudisha kushoto ndani ya mipangilio ya mwambaa kwa nusu dakika, tukasahau. Yanayonitesa ni haya. Bando langu la wiki, ambalo nilikuwa nalitumia siku saba na linabaki, lilikwisha kwa siku moja na nusu, na tangu hapo napata ujumbe usiokwisha kwamba wingu langu limejaa, wakati mimi sijaomba wingu. Nikibofya faili kwa kitufe cha kulia, orodha niliyoizoea imefupishwa na nusu ya vitu haipo. Kila neno la Kiswahili ninalochapa katika LibreOffice linapigiwa mstari mwekundu chini, mtihani mzima unaonekana kama umesahihishwa na mwalimu mwenye hasira. Na la ajabu kuliko yote, mtihani ulioenea kurasa nne tangu miaka yote sasa, nikiuandaa upya, unamwaga mistari mitatu kwenye ukurasa wa tano.

Mhasibu, Mombasa

Hongera Mwalimu. Hilo la bando nalijua kwa uchungu. Windows imechukua folda zako za nyaraka, picha na uso wa kompyuta na kuanza kuzipandisha kwenye OneDrive, ambayo bure yake ni GB 5 tu. Picha za tangu 2006 zimeijaza na zimekula bando njiani. Bofya alama ya wingu pembeni kulia chini, ingia kwenye mipangilio yake, tafuta sehemu ya kuhifadhi nakala za folda, uzime moja moja. Tahadhari: ukishazima, usikimbilie kufuta kilichomo kwenye folda ya OneDrive, kwa sababu huenda mafaili yako yamehamishiwa humo na si nakala bali ndiyo yenyewe. Yarudishe kwanza mahali pake, uyafungue mawili matatu uhakikishe, ndipo ufute.

Kisha fungua mipangilio ya mtandao unaoutumia, nadhani ni wa simu, na uutie alama kwamba ni muunganisho wenye kipimo. Windows ikijua hivyo hupunguza sana kujipakulia masasisho makubwa kwa nyuma. Siku ukipata mtandao usio na kikomo, kwa mfano kwa binti yako, peleka mashine huko ikale masasisho yake yote kwa usiku mmoja. Usiyazime moja kwa moja. Ndiyo uliyoyafuata Kariakoo.

Orodha iliyofupishwa: mstari wake wa mwisho unafungua orodha ndefu ya zamani, au chagua faili kisha ubonyeze Shift pamoja na F10. Mimi huwa natumia vitufe hivyo viwili hadi leo, sikujilazimisha kuizoea ile mpya.

Fundi wa Kariakoo

Mwalimu, mistari mitatu iliyomwagika naifahamu bila kuiona. Mashine hizi hutoka kwa wauzaji zikiwa zimepangwa kwa nchi ya Marekani, na huko karatasi ya kawaida si A4. Ya kwao ina upana wa milimita 216 na urefu wa milimita 279, yetu ina 210 kwa 297. Unapofungua ukurasa mpya, unaandika kwenye karatasi iliyo fupi kwa milimita 18, na hiyo ndiyo mistari yako mitatu. Sahihisha mahali patatu, maana ukisahau hata mahali pamoja tatizo litarudi: badilisha nchi katika mipangilio ya lugha na eneo uweke Tanzania, badilisha karatasi ya kawaida katika mapendeleo ya printa, na badilisha mtindo wa ukurasa ndani ya LibreOffice. Ukiwa huko kwenye eneo, utaona pia tarehe zikiacha kuanza na mwezi, jambo ambalo kwa hesabu za kikundi lingekuletea ugomvi siku moja.

Mistari myekundu inaondoka kwa njia ya heshima zaidi kuliko kuizima. LibreOffice ina kamusi ya Kiswahili ya Tanzania. Kama haikuingia wakati wa kusakinisha, endesha upya kisakinishi, chagua njia ya kujichagulia mwenyewe, na uitie alama kamusi hiyo. Baada ya hapo ingia kwenye chaguo za lugha ndani ya programu na uweke Kiswahili kuwa lugha ya nyaraka zako. Haijui maneno yote, na viambishi virefu bado huiyumbisha, lakini mwalimu mwenye hasira atapungua.

Mwalimu Mstaafu, Tanga

Kurasa zimerudi nne. Kamusi imeingia, ingawa neno "wanaojitegemea" bado inalitilia shaka, na nimeliongeza kwa mkono wangu. Bando la juzi limefika leo na bado lipo.

Kimebaki kitu kimoja ambacho si cha kompyuta bali changu. Kwa muda wa miaka mingi nilizoea kuhifadhi kazi na kusubiri ile sauti ya diski ikikwaruza, ndipo niamini kwamba imehifadhika. Hii mpya haina sauti yoyote. Naona nahifadhi mara tatu tatu kwa wasiwasi.

Kijana wa Dodoma

Hifadhi tu Mwalimu, haidhuru kitu. Na ile ya zamani umeifanyaje? Kama bado ipo, tusiisahau Linux.

Mwalimu Mstaafu, Tanga

Ipo. Nimeibadilishia betri ya duara na tarehe haijarudi nyuma tena. Diski yake nimeitoa na kuifungia kabatini hadi miezi mitatu aliyosema Mhasibu ipite. Mwisho wa mwezi nikipata RAM ya GB 4 na SSD ndogo, nitakuandikia unielekeze hatua kwa hatua. Mjukuu ameanza darasa la tano na anataka ya kwake ya kuchapia. Ninachokuomba, kabla hatujaanza, niambie kama hiyo Mint itaikubali printa yangu ya leza ya zamani, maana hii mpya ilinichukua jioni nzima kuitafutia draiva.

Kijana wa Dodoma

Inategemea aina ya printa, Mwalimu. Nyingi za HP zinakubalika, ila baadhi ya zile ndogo za leza hudai faili la ziada ambalo Mint hulipakua mara ya kwanza tu. Niandikie namba iliyoandikwa usoni mwa printa nikuangalizie leo usiku.